Nani Atairithi Meza ya Bibi Sokoni?

Hotuba hii niliitoa wiki ya Krismasi huku Mwika, Kilimanjaro, mbele ya wanaukoo, majirani na akina mama wa soko. Nimeiandika nzima kwa ajili ya ndugu ambao hawakuweza kupanda mlimani mwaka huu.

Wazee wetu, shikamooni. Akina mama wa soko, shikamooni. Vijana mliopanda kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na hata Nairobi, karibuni nyumbani. Watoto mlioketi hapa mbele kwenye majani ya migomba, sikilizeni vizuri, kwa sababu mengi nitakayosema yanawahusu ninyi kuliko sisi.

Nimeombwa nieleze historia ya biashara ya familia yetu. Biashara yenyewe mnaijua: ni kihamba, shamba letu la nyumbani, kile pale juu ya mfongo, mfereji wetu wa maji, na ni meza ya ndizi pale sokoni. Bibi alikaa kwenye meza hiyo, mama akakaa, na sasa nakaa mimi.

Naomba nianze kwa kuwauliza. Ukienda leo kwenye chama cha msingi, ukaomba daftari za zamani za wakulima wa kahawa, utakuta majina ya akina nani? Utamkuta babu. Utamkuta baba yake, na wazee wengi ambao wajukuu zao wamekaa hapa. Kilo ngapi kaleta, malipo ya kwanza kiasi gani, malipo ya pili kiasi gani, yote yameandikwa. Sasa niambieni, daftari la soko la ndizi liko wapi? Bibi yangu aliuza ndizi tangu akiwa mke kijana mpaka magoti yalipomkatalia. Jina lake limeandikwa wapi?

Halikuandikwa popote. Kwa hiyo leo nitasimulia upande ule ambao haukuandikwa, kwa sababu naamini huo ndio uliotufikisha hapa.

Watu wengi wakizungumza juu ya Kilimanjaro na biashara wanaanza na kahawa. Ndugu zangu, kahawa ni mgeni kwenye mlima huu. Mapadre wa misheni ya Kilema ndio walioipanda, mwishoni mwa karne ya 19. Soko lilikuwepo kabla yake. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipofika huku, hakuja kwa kubahatisha njia. Aliongozwa na Bwana Kheri, Mswahili wa pwani, mtu ambaye njia za kuja mlimani alikuwa anazijua tayari. Alizijua kwa nini? Kwa sababu misafara ilikuwa inakuja, na msafara hauwezi kutembea bila chakula. Chakula kilitoka wapi? Kilitoka kwenye vihamba. Nani alikitoa kihambani akakipeleka pale kilipouzwa? Wanawake.

Wazee wanasimulia kwamba soko lilikuwa nchi ya wanawake. Wakati huo mlima huu ulikuwa na watawala wengi, kila Mangi na watu wake, na vita havikukosekana. Lakini simulizi zinasema hata pale utawala mmoja ulipopigana na mwingine, mwanamke mwenye mzigo kichwani aliachwa apite aende sokoni. Mnaelewa uzito wa jambo hilo? Mwanamume akikanyaga ng'ambo ya korongo anakuwa adui, na mke wake anapita na ndizi zake, anauza, anarudi na magadi na chumvi. Chuma kilitoka Upare, wahunzi wa Mamba hapo jirani wakakifua kuwa majembe na mikuki. Vitu vilitembea kwa sababu wanawake walitembea.

Na kwa nini iliwezekana kuwa na kitu cha kuuza wiki baada ya wiki? Hapa naomba wale mliozaliwa mjini mnisikilize kwa makini, kwa sababu mnapita kihambani mnaona msitu tu. Kihamba kina ghorofa. Juu kabisa kuna miti mirefu, mruka na mringaringa, inayotoa kivuli, kuni na mbao. Chini yake kuna mgomba. Chini ya mgomba kuna kahawa. Chini ya kahawa kuna magimbi, maharage na mboga. Na pembeni kuna ng'ombe wa ndani, anayekula majani na vigogo vya migomba, kisha mbolea yake inarudi kwenye shina la mgomba. Maji yanashuka kwa mfongo uliochimbwa na watu wa zamani, na kila nyumba ina zamu yake. Watafiti waliwahi kuhesabu mimea ya vihamba vya mlima huu wakapata aina zaidi ya 100. Mwaka 2011 shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo huu, pale Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Dunia imetambua. Sisi wenyewe je?

Katika ghorofa zote hizo, shikeni moja: mgomba. Kahawa huvunwa kwa msimu. Mgomba hauna msimu mmoja. Leo unakata mkungu huu, wiki ijayo ule wa pili umejaa, na chini yake mtoto wa mgomba ameshachipua. Ndiyo maana mgomba uliweza kulisha soko la kila wiki. Hela ya kahawa ilikuja kwa mkupuo, tena kwa kuchelewa. Hela ya ndizi ilikuja ndogo, lakini haikukosa. Chumvi, mafuta ya taa, sabuni, daftari la mtoto, dawa usiku homa ikipanda, vyote vilinunuliwa kwa ndizi.

Sasa niwaambie juu ya kahawa, na nitasema kwa heshima, kwa sababu kahawa ilifanya kazi kubwa sana.

Masetla wa Kizungu hawakutaka Mwafrika alime kahawa. Walitaka wao walime, sisi tuwe vibarua wao. Wazee wetu walikataa. Mwaka 1925 wakaunda umoja wao wa wakulima wa kahawa, KNPA, na Joseph Merinyo akawa miongoni mwa viongozi wake. Mwaka 1933 nafasi ya KNPA ikachukuliwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho jengo lake bado linasimama pale Moshi mjini. Nao wakulima hawakuwa kondoo hata mbele ya chama chao wenyewe. Mwaka 1937, walipoona wanabanwa mno kuhusu wapi wauze na kwa bei gani, walizusha ghasia, na maghala ya chama yakavamiwa. Kahawa ilileta mabati, shule, zahanati na walimu. Hata chuo kikuu cha ushirika kiko Moshi, na si kwa bahati. Mimi naiheshimu kahawa.

Lakini tuulizane, akina baba. Nani alichuma? Mama na watoto. Nani alizungusha mashine ya kukoboa mpaka usiku? Mama na watoto. Nani aliosha, nani aliianika kichanjani, nani alikimbia kuifunika mvua ilipotishia? Mama na watoto. Na siku ya mizani nani alisimama mbele ya karani? Baba. Uanachama ulikuwa wa baba, cheti kilikuwa cha baba, malipo yalikuwa ya baba. Kukawa na sheria ya nyumbani ambayo haikupitishwa na mkutano wowote lakini kila mtu aliifuata: kahawa ya baba, ndizi ya mama.

Babu yangu alikuwa mtu mwema, na wazee hapa ni mashahidi. Lakini shangazi yangu alipofaulu kuendelea na shule, kwenye kikao cha nyumbani ilisemwa kwamba hela ya kahawa mwaka ule ni ya kijana wa kiume, kwa sababu msichana ataolewa na elimu yake itakwenda kwenye ukoo mwingine. Bibi hakubishana. Aliinuka akaingia jikoni. Alfajiri siku ya soko akakata mikungu mingi kuliko kawaida yake, akawaomba wakwe zake wawili wambebee, wakashuka. Soko lililofuata vivyo hivyo, na lililofuata. Shule ilipofunguliwa, shangazi alikwenda. Alisoma kwa ndizi, shuka zake zilinunuliwa kwa ndizi, viatu vyake kwa ndizi. Alikuja kuwa muuguzi, na miongoni mwenu hapa wapo waliozaliwa mikononi mwake.

Nauliza tena: jina la bibi limeandikwa wapi?

Na msidhani kuuza ndizi ni kukaa tu nyuma ya meza. Bibi alijua mkungu upi ukatwe leo na upi uachwe siku nne. Alijua mshare, ndizi ya kupika mtori na kiburu, una mteja wake, kisukari kina mteja wake, na ndizi za mbege, pombe yetu ya ndizi, zina mteja wake, mpika mbege ambaye anataka ziive zote kwa pamoja kabla hajaandaa ulezi na magome ya msesewe. Alijua nani apewe mali kauli na nani asipewe hata akilia. Alijua mwezi ambao watu wa tambarare wamevuna mahindi, kwamba wakati huo mfuko wao una kitu na bei inaweza kusimama. Alijua kumwongezea mteja ndizi mbili juu ya chana bila kuombwa, na mteja yule akarudi miaka ishirini. Huo ni uchumi, jamani. Alikuwa nao kichwani, wala hakujua kusoma.

Nilisema nitasimulia historia, na historia ina mahali penye giza. Nitapita hapo.

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. KNCU, chama ambacho babu alikiona kama mali yake, kikafutwa. Kahawa ikawa chini ya mamlaka ya serikali, malipo yakachelewa, na thamani yake ikawa inaliwa na bei za vitu dukani. Vyama vikuu vilirudishwa miaka ya 80, lakini vilirudi vikiwa dhaifu. Kisha mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa unashikilia bei ya kahawa kwa kugawa viwango vya mauzo ukavunjika, na bei ya dunia ikaporomoka. Kufika mwaka 2001 ilikuwa chini kiasi kwamba baadhi yenu mliacha kahawa zikaiva na kuanguka zenyewe, kwa sababu kibarua wa kuchuma alikuwa ghali kuliko kahawa yenyewe. Ongezeni ugonjwa wa chulebuni, ongezeni kutu ya majani, ongezeni bei ya dawa. Wazee waliokuwa na vyeti ukutani wakakaa chini ya mti hawana la kufanya.

Je, tulikufa njaa? Je, watoto waliacha shule wote? Hapana. Kwa nini? Kwa sababu soko halikufutwa na tamko lolote. Hakuna aliyeweza kumfuta mwanamke mwenye mkungu kichwani. Mama yangu aliolewa katika miaka hiyo ya shida, wakati sabuni na sukari vilikuwa vinatafutwa kama dhahabu. Anasimulia kwamba sokoni walikuwa wakibadilishana moja kwa moja: mkungu kwa mahindi, mkungu kwa kipande cha sabuni. Bibi ndiye aliyemkalisha kwenye meza. Alimwambia, wewe kaa hapa kushoto kwangu, usiseme kitu mwezi mzima, tazama tu. Mama akatazama. Ndivyo meza ilivyorithiwa, mkwe akimfundisha mke wa mwanawe.

Baadaye barabara zikawa bora, malori yakaanza kupanda, na ndizi zetu zikaanza kwenda Dar es Salaam. Hapa pana kisa ambacho mama hapendi nikisimulie kwa sababu anaona aibu, lakini ameniruhusu leo. Wanunuzi walikuwa wanakuja na lori, wanataja bei, akina mama wanakubali kwa sababu hawajui mbele kuna nini. Mama akasema, mimi nataka kuona. Akapanda lori, akakaa juu ya mikungu pamoja na vijana wa kupakia, akiwa amejifunga kanga mbili kwa baridi ya usiku, mpaka Dar. Akafika Mabibo, pale wanapopaita Mahakama ya Ndizi. Akasimama asubuhi nzima akitazama mkungu wa kwao unavyouzwa. Bei aliyoikuta pale ilimfanya akae chini.

Akarudi. Hakugombana na mnunuzi yeyote. Aliwaita wenzake watano wa sokoni, akawaeleza alichokiona: kwamba kuna nauli ya lori, kuna ushuru njiani, kuna wapakiaji, kuna ndizi zinazopondeka na kuoza, na kuna dalali. Ukitoa vyote hivyo bado kinabaki kitu ambacho sisi hatukipati. Wakachanga, wakakodi lori moja kwa pamoja, mmoja wao akawa anasindikiza mzigo kwa zamu. Lori la kwanza walipata hasara, kwa sababu walikata ndizi zikiwa zimekomaa mno zikaiva njiani. La pili wakajua zikatwe lini. Kikundi chao kipo mpaka leo, na simu zilipoanza kubeba pesa hawakuhitaji tena kushona noti kwenye pindo la gauni kurudi nazo nyumbani. Akina mama hao wamekaa pale upande wa kulia. Naomba wasimame tuwaone.

Aika, akina mama. Aika sana. Kaeni.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo limenikosesha usingizi, na ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Tazameni vitu hivi viwili vilivyorithiwa. Kihamba kilitoka kwa baba kwenda kwa mwana. Kwa mila yetu kitinda mimba hubaki kwenye kihamba cha nyumbani na wazazi, mkubwa naye hupewa chake, wa katikati wanajitafutia. Binti hana fungu, kwa sababu ataolewa. Meza ya soko nayo ilikwenda kwa njia nyingine, kutoka kwa mama mkwe kwenda kwa mke wa mwana. Njia hizi mbili zilikutana katika nyumba moja, kwa sababu mwana aliyerithi kihamba aliishi kwenye kihamba, na mke wake aliishi hapo hapo. Ardhi na ujuzi vilikaa chini ya bati moja.

Leo je? Mwana aliyerithi kihamba yuko wapi? Yuko Dar es Salaam, ana duka Kariakoo au kazi Posta, na sisi wote tunamshukuru kwa anachotuma. Mke wake yuko wapi? Yuko Dar es Salaam naye, pengine amezaliwa Tanga au Mbeya, hajawahi kukata mkungu. Nani anayejua meza? Binti. Binti ambaye hakuolewa, au aliyeachika akarudi nyumbani, au aliyeolewa kijiji cha jirani na bado anashuka na mama yake siku ya soko. Mwenye ujuzi hana ardhi. Mwenye ardhi hana ujuzi. Mnaona tulipofika?

Na mnajua kinachofuata, kwa sababu mmekiona. Mama anafariki. Watu wanapanda, tunazika pale kihambani kati ya migomba, tunamaliza matanga, wanashuka. Miezi michache baadaye anakuja mtu na pikipiki, anamkuta kijana mlinzi, anampigia mwenye kihamba simu. Anamwambia, bosi, nanunua mikungu yote kwa pamoja, ikiwa shambani, nakutumia hela sasa hivi kwenye simu. Mwenye kihamba yuko kwenye foleni ya magari, hajui bei, anasema sawa. Mikungu inakatwa yote, mikubwa kwa midogo. Mwaka wa pili mbolea hairudi shambani kwa sababu ng'ombe ameuzwa. Mwaka wa tatu mfongo umeziba kwa sababu hakuna wa kwenda kwenye zamu ya kusafisha. Kisha mringaringa unakatwa mbao. Vihamba vya namna hiyo mnavijua, tumevipita tukija hapa. Sitataja cha nani.

Kuna wanaosema tatizo ni mvua, na ni kweli mvua zimebadilika. Kuna wanaosema tatizo ni viraka, kwamba kila kizazi kinagawa kihamba mpaka kinabaki cha kugeuzia ng'ombe, na hilo pia ni kweli. Kuna vijana wanaoniambia dawa ni parachichi. Pandeni parachichi, sina ugomvi nalo. Lakini mtanijibu, parachichi hilo atalisimamia nani, na atakayelisimamia atakuwa na sauti gani juu ya ardhi lilipo?

Wazee wangu, najua hapa wapo wanaosema moyoni, huyu amekuja kuvunja mila. Naomba nisikilizwe. Sisemi watoto wa kiume wanyang'anywe. Nina kaka, nina wadogo zangu wa kiume, nawapenda. Nasema binti anayetunza kihamba awe na jina kwenye kihamba hicho. Na hilo si wazo langu mimi. Liko kwenye sheria za nchi hii, na lina historia yake.

Mwaka 1963 kanuni za mila za mirathi ziliandikwa na serikali. Zilisema mwanamke anaweza kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini asiweze kuiuza. Huko Muleba, Kagera, nchi ya migomba na kahawa kama yetu, alikuwepo mama aliyeitwa Holaria Pastory. Baba yake alimwachia shamba kwa wosia. Akazeeka, hana wa kumtunza, na mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000. Jamaa wa ukoo akamshtaki: wewe mwanamke, huna uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ikakubaliana na jamaa huyo, mahakama ya wilaya ikampa ushindi mama, na kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza. Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba Katiba yetu, iliyoingiza haki za binadamu mwaka 1984, haiwezi kukaa pamoja na mila inayombagua mtu kwa sababu ni mwanamke. Mama akashinda.

Miaka tisa baadaye zikaja sheria mpya za ardhi, mwaka 1999, na moja yake ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5. Inasema mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Inasema uamuzi wowote wa kimila unaomnyima mwanamke haki hiyo ni batili. Inasema Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe 7, na 3 kati yao wawe wanawake. Akina mama, mnawajua watatu wa kijiji chenu? Mmewahi kuwauliza wanafanya nini? Na kabla ya hapo kuna Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayosema nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ipo. Imekaa tangu wengi wenu hamjazaliwa. Kinachokosekana ni karatasi.

Karatasi hiyo inaitwa Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Inaweza kutolewa kwa mtu mmoja, kwa mume na mke, au kwa familia nzima. Maombi yanapitia Halmashauri ya Kijiji. Majirani wanaitwa, wanatembea mpaka pamoja na kukubaliana. Mpaka wenyewe hatuhitaji kuutafuta mbali, masale, mimea ya mpaka iliyopandwa na mababu, bado yamesimama. Waombaji mnaandika majina. Na hapo kwenye majina ndipo nataka tutulie.

Nyumbani kwetu tulikaa usiku wa juzi. Mama alikuwepo, na kwa mara ya kwanza alikaa kwenye kiti cha katikati. Kwa mila kihamba ni cha mdogo wangu wa mwisho, yule pale aliyevaa shati la bluu. Nilimwambia nilichowaambia ninyi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza swali moja: kama jina la dada likiingia, wanangu watazikwa wapi? Ni swali la haki. Sikulicheka, na ninyi msilicheke, kwa sababu makaburi yetu yako pale na hakuna kati yetu anayetaka kuwa mgeni kwa wafu wake. Tukakubaliana hivi: hati iandikwe kwa jina la mama, la mdogo wangu na langu. Pasiuzwe hata kipande bila sisi wote kusaini. Eneo la makaburi na nyumba ya wazazi libaki la ukoo, watoto wake na wangu. Mimi nasimamia migomba, ng'ombe na meza ya soko, na kila mwezi namwonyesha hesabu kwenye daftari. Ndiyo, safari hii kuna daftari. Yeye analipa gharama za mfongo na dawa. Na binti yangu na binti yake, wakifunga shule, wanakaa kushoto kwangu sokoni.

Je, tumemaliza kila kitu? Bado. Kaka yetu mkubwa ana maswali, na tutayajibu kabla hajashuka. Majirani zetu wa upande wa chini nao wana kesi ya masale yaliyohamishwa, lazima itatuliwe kwanza. Lakini tumeanza tukiwa hai wote, mama akiwa anaweza kusema kwa mdomo wake mwenyewe anataka nini.

Wengi wenu mtashuka tarehe 2 na 3. Nawaomba, kabla ya kushuka, kaeni usiku mmoja. Zimeni televisheni, mwiteni mama, waiteni mabinti, hata walioolewa. Ulizeni: nani anatunza migomba hii? Nani anajua wateja wa mama? Jina lake litaandikwa wapi? Kama mama yenu bado anashuka sokoni, fuatana naye siku moja, ukae, utazame anavyofanya. Mlio wanaume pia. Hakuna aliyesema mwanamume hawezi kujifunza kuuza ndizi.

Mtendaji wa kijiji amekubali kubaki baada ya chakula na kueleza hatua za kuomba hati, na fomu ziko kwenye meza pale karibu na sufuria ya mtori. Wajumbe wa Baraza la Ardhi wako hapa, wamekaa nyuma ya kikundi cha akina mama. Sisi tunatembea mpaka wetu kesho asubuhi saa 3, tukianzia juu kwenye mfongo. Anayetaka kuona inavyofanyika aje, na avae viatu vya matope.